Eli isiyo na pombe ina ladha ya togwa: je, kopo limeharibika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, sasa naishi Ipswich, Uingereza. Mwaka jana niliacha pombe kwa hiari yangu. Juzi nilinunua kopo la peili eli (bia ya jamii ya eli, yenye rangi hafifu) isiyo na pombe, zile za viwanda vidogo wanazoziita krafti, nyuma limeandikwa asilimia 0.5. Nililitoa kwenye friji nikanywa hapohapo. Funda la kwanza lilikuwa tamu kama togwa, ukafuata uchungu wa kwinini, halafu mwishoni nikaona kama nakunywa maji. Je, lilikuwa limeharibika, au ni ulimi wangu haujazoea? Wanaozisifia wanaonja kitu gani ambacho mimi sikipati? Na la mwisho: shemeji yangu ni Mwislamu na huja kwetu Jumapili. Naweza kumwekea mezani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na shemeji yako, maana hilo halingoji. Usimwekee kimyakimya.

Asilimia 0.5 maana yake ni nusu mililita ya pombe katika kila mililita 100. Kopo lako la mililita 330 lilikuwa na mililita 1.65 za pombe, wakati bia ya asilimia 5 yenye ujazo huohuo ina mililita 16.5, yaani mara kumi. Kwa mtu mzima hicho ni kiasi kidogo mno, na hata ndizi iliyoiva kupita kiasi huwa na chembe zake. Lakini shemeji yako hatazami kulewa peke yake. Kinywaji hiki kimepikwa kama bia, kinanukia bia, na pombe imo. Wanazuoni wake ndio wenye jibu, si mimi wala si wewe, na hawezi kuwauliza kama hajui kilichomo ndani ya glasi. Mwonyeshe kopo, asome mwenyewe, aamue. Ukitaka kumkirimu bila maswali, mtengenezee juisi ya ukwaju.

Usiamini maandishi makubwa ya mbele peke yake. Maneno "isiyo na pombe" hayana maana moja kila mahali. Ujerumani huruhusu bia iitwe hivyo ikiwa haizidi asilimia 0.5. Uingereza, kwa miaka mingi mwongozo umetaka isizidi 0.05, ila makopo ya 0.5 yaliyotoka nje yamekuwa yakiuzwa rafu moja na hayo mengine. Kuna pia zile zinazoandikwa 0.0. Namba ndogo ya nyuma ndiyo ya kutazama. Na kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine: aliyeacha pombe kwa sababu ilimshika na kumtesa, azungumze kwanza na anayemsaidia kabla ya kujaribu. Harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na ule mlio wa kopo kufunguka vinaweza kuamsha kiu hata kama pombe yenyewe haipo. Wewe ukiona inakuamshia, iache. Hakuna ladha yenye thamani kuliko ulichokwisha kukipata.

Sasa kopo lako. Halikuharibika. Na ulimi wako ni mzima, tena ni ulimi makini, kwa sababu maneno yako matatu, togwa, kwinini na maji, ndiyo ambayo ningeandika mimi kwenye daftari langu la kuonja. Kila moja lina chanzo chake, na ukikijua utaanza kuzionja bia hizi kwa namna nyingine.

Togwa. Umewahi kuona inavyotengenezwa: uji unapoa kidogo, unatiwa kimea cha ulezi, na baada ya saa chache uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Vimeng'enya vya kimea vimekata wanga kuwa sukari. Kiwanda cha bia hufanya vilevile kwa kimea cha shayiri, kisha huchuja na kupata maji matamu yenye harufu ya nafaka. Hapo ndipo hamira huingia, hula ile sukari na kutoa pombe. Njia mojawapo ya kupata bia isiyo na pombe ni kuizuia hamira isifike mbali: ama inawekwa kwenye baridi kali na kuondolewa mapema, ama inatumika aina ya hamira isiyoweza kula maltosi, ambayo ndiyo sukari kubwa ya kimea. Mojawapo inaitwa Saccharomycodes ludwigii. Inakula sukari ndogondogo, ikifika kwenye maltosi inaishia hapo. Pombe inakuwa chache, lakini sukari imebaki. Ndiyo togwa yako.

Na si sukari tu. Maji ya kimea yana viungo vya harufu viitwavyo aldehaidi: kimoja hunukia kimea kibichi, kingine, methionali, hunukia viazi vilivyochemshwa. Hamira inayofanya kazi yake kikamilifu huvigeuza vikawa vitu visivyosikika. Iliyozuiwa njiani huviacha. Zaidi ya hapo, pombe ikiwemo huvishika ndani ya kinywaji. Isipokuwemo, hupanda puani kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kiasi kilekile cha harufu ya nafaka husikika kwa nguvu kwenye bia isiyo na pombe. Watu wengi wakiikuta harufu hiyo husema bia "haijaiva", na hawakosei.

Kwinini. Wewe ni mtu wa Moshi, unajua mbege haikamiliki bila msesewe, lile gamba la mti linalotia uchungu ili utamu wa ndizi usichoshe. Kwenye bia ya Ulaya kazi hiyo hufanywa na hopsi, maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba mashambani Kent, Bavaria, na kwenye bonde la Yakima kule jimbo la Washington, Marekani. Yakichemshwa pamoja na maji ya kimea, asidi zake za alfa hubadilika umbo na kuwa chungu. Pombe yenyewe ina utamu kidogo na ina uzito, na ule uchungu huegemea hapo. Ukiiondoa pombe ukaacha hopsi kiasi kilekile, uchungu unabaki umesimama peke yake, na unaung'ang'ania ulimi kama dawa ya malaria ya zamani. Mpishi makini hupunguza hopsi za kuchemsha na kuongeza zile zinazolowekwa mwishoni, baridi, ambazo hutoa harufu nyingi na uchungu kidogo.

Maji. Hili ndilo gumu kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha kopo zuri na kopo la kawaida. Pombe huipa bia mwili: ule uzito mdomoni, ule ujotojoto unaoteremka kooni baada ya kumeza. Hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yake kikamilifu. Wapishi hujaribu kuziba pengo. Wengine hupandisha joto la maji ya kuloweka kimea, juu ya zile nyuzi 65 hadi 68 za kawaida, ili kipatikane kiasi kikubwa cha sukari ndefu ambazo hamira haiwezi kuzila na ambazo ulimi hauzioni tamu, lakini unausikia uzito wake. Wengine hutia oti (oats), ngano au nafaka ya rai. Kopo lako lilikuwa na utamu mwanzoni na halikuwa na mwili mwishoni. Huo ni upungufu wa mapishi. Haukutokana na kuharibika.

Ziko njia nyingine za kuitoa pombe, na kila moja inaacha alama yake. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, lakini ukiipika bia ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, pombe hutoka kwenye joto la kama nyuzi 40 tu. Bia haiungui, ila harufu za matunda zilizozaliwa na hamira huondoka pamoja na pombe, na kinachobaki mara nyingi ni chapwa. Njia ya tatu ni kuisukuma bia kwa shinikizo kubwa dhidi ya utando wenye vitundu vidogo mno. Maji na pombe hupenya. Rangi, uchungu na sehemu kubwa ya ladha hubaki upande huu, kisha maji mapya hurudishwa.

Kwa njia hii ya utando unaye mwalimu jirani. Hapo Suffolk kwako, ufukweni Southwold, kuna kampuni ya Adnams, iliyoanza mwaka 1872. Wana eli yao ya rangi hafifu, Ghost Ship, ya asilimia 4.5, na mwaka 2018 wakatoa ndugu yake wa asilimia 0.5 kwa kupika bia kamili kwanza na kuipitisha kwenye utando baadaye. Si kiwanda kidogo cha vijana, ni nyumba ya zamani, lakini nakushauri uanzie hapo kwa sababu hamira yake imeruhusiwa kumaliza kazi. Utaona togwa imepungua sana. Utapata ndimu na ganda la limau kutoka kwenye hopsi za Citra, na nyuma yake ukoko wa mkate mweusi kutoka kwenye rai. Mkia wake bado ni mwembamba kuliko ningependa, lakini uchungu wake una mahali pa kukaa. Baadaye jaribu ya viwanda vilivyozaliwa kwa ajili ya kazi hii peke yake, kama Big Drop ya Uingereza, iliyoanza 2016, au Athletic ya Connecticut, Marekani, iliyoanzishwa mwaka uliofuata. Hao hawana bia kubwa ya kuivua pombe. Mapishi yao yalianza na namba ndogo, na hilo linasikika.

Wanaozisifia wanaonja nini? Wanaonja hopsi. Peili eli ilizaliwa Uingereza, walipopata kukaushia kimea kwa moto wa koki, makaa ya mawe yaliyoondolewa moshi, kikatoka na rangi hafifu. Mji wa Burton, wenye maji yaliyojaa jasi, ukaifanya kavu na yenye uchungu uliosimama. Lakini krafti unayoinunua leo inamfuata zaidi Mmarekani: mwaka 1980 kiwanda cha Sierra Nevada, mjini Chico, California, kilianza kupika peili eli yenye hopsi za Cascade, na harufu ya balungi ikaingia kwenye bia ikakaa. Kwa hiyo ukifungua kopo zuri unatafuta balungi, danzi, chenza, pasheni, embe linaloanza kuiva, wakati mwingine utomvu unaokaribia ubani. Harufu hizo hazikutegemea pombe kuzaliwa. Ndiyo sababu mtindo huu, kati ya mitindo yote ya bia, unaistahimili vizuri hali ya kukosa pombe. Laga, ile bia nyepesi ya kawaida, haina pa kujificha. Eli yenye hopsi nyingi inayo.

Na wewe ulizikosa kwa sababu mbili rahisi: ulikunywa kwenye kopo, na ulikunywa ikiwa baridi mno. Tundu la kopo ni dogo na pua yako iko juu ya bati. Baridi ya friji, nyuzi 3 au 4, hulala juu ya harufu na kuacha uchungu na utamu vigombane peke yao. Safari ijayo litoe kopo, liache mezani dakika kumi na tano au ishirini, lifike kama nyuzi 8. Tafuta glasi iliyobana kidogo mdomoni, hata ya divai inafaa. Ioshe, isuuze vizuri mara mbili kwa maji matupu, iache ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Mafuta na sabuni huua povu, na povu ndilo linalobeba harufu ya hopsi. Mimina kwa kuinamisha glasi, kisha isimamishe katikati ili povu lipande vidole viwili.

Nusa kabla ya kunywa. Mara ya kwanza nusa kwa haraka, usifikiri. Kilichokuja ndicho kinachoitawala bia. Pumzika, zungusha glasi, nusa tena polepole na sasa tafuta majina. Usitafute majina ya kizungu ya vitabuni. Kumbuka soko la Mbuyuni, pale Moshi. Ni balungi au ni limau? Ni embe bichi la kuchovya pilipili na chumvi, au embe dodo lililolainika? Ni mchaichai? Ukipata uji au mkate uliolowa, andika. Ukipata viazi vilivyochemshwa, andika pia, ni yale niliyokueleza.

Kisha chukua funda la kutosha kujaza mdomo, si la kulamba. Lizungushe liguse ufizi na nyuma ya ulimi, meza, funga mdomo na toa pumzi kwa pua. Nusu ya ladha inakuja hapo, baada ya kumeza, ikipanda nyuma ya koo. Ukitaka kuamini, bana pua kwa vidole, kunywa, kisha achia pua: utaona matunda yanafika kwa ghafla mahali palipokuwa na uchungu na utamu tu.

Sasa hesabu. Ninaposema hesabu namaanisha moja, mbili, tatu, polepole. Uchungu unakuja kwenye ngapi, unaondoka kwenye ngapi, na unapoondoka unaacha nini? Kwenye kopo lako utamu ulitangulia, uchungu ukaja umechelewa, na vilipopishana hapakuwa na kitu katikati. Kopo zuri huvileta pamoja, na uchungu unapofifia unaacha ganda la matunda na ukavu unaokuita unywe tena. Usichanganye uchungu na ukakasi. Uchungu ni ladha ya ulimini. Ukakasi hukunja mashavu kama ndizi mbichi au chai iliyoachwa na majani. Ukakasi kidogo hutoka kwenye majani ya hopsi na unavumilika. Ukiwa mwingi, mpishi alizilazimisha hopsi zifanye kazi ya mwili.

Ukitaka kuufundisha ulimi, kuna zoezi la jikoni nililowapa wanafunzi wangu wengi. Tafuta kinywaji cha kimea kisichochachushwa, cha aina ya Grand Malt tuliyoizoea Tanzania. Maduka ya vyakula vya Kiafrika Uingereza huwa na vinywaji vya jamii hiyo. Tafuta pia toniki, na balungi moja. Onja kimea peke yake ujue togwa ya shayiri ilivyo. Onja toniki ujue uchungu mtupu, maana kwinini imo kweli. Minya ganda la balungi juu ya glasi ya maji ya soda, nusa, onja. Baada ya hapo fungua eli. Vitu vitatu vilivyokuwa vimechanganyika utavisikia kimoja kimoja.

Kuhusu kuharibika, ili siku nyingine ujue. Iliyochacha huwa na uchachu wa maziwa lala ambao haukukusudiwa, au hulipuka povu ukifungua. Kopo lililovimba usilifungue kwa kuonja, litupe. Hilo nalisisitiza kwa hizi kuliko kwa bia za kawaida: pombe ni mlinzi, na mlinzi akiondoka, tena akiacha sukari nyuma, vijidudu hupata nafasi. Viwanda makini huzipasha moto zikiwa zimefungwa na huangalia ukali wa asidi yake. Wewe ihifadhi kwenye baridi, na ukishaifungua imalize siku hiyohiyo. Iliyozeeka hunukia maboksi yaliyolowa, na matunda yote yamekimbia. Iliyopigwa na mwanga hunuka kama mnyama kicheche, kwa sababu mwanga huvunja viungo vichungu vya hopsi. Chupa nyeupe na za kijani haziwezi kuzuia, ya kahawia huzuia kwa sehemu kubwa, kopo huzuia kabisa. Ukungu peke yake si ubaya, eli nyingi za krafti hazichujwi. Tarehe ndiyo ya kutazama: harufu ya hopsi hufifia mwezi hadi mwezi, na joto huikimbiza zaidi. Ukirudi likizo nyumbani ukaona makopo haya dukani, kumbuka yamevuka bahari ndani ya kontena na kukaa bandarini juani. Usihukumu kiwanda kwa kopo hilo.

Mezani iweke na kitu chenye mafuta na pilipili. Pombe huuchochea moto wa pilipili, hii haifanyi hivyo sana, na mapovu yake husafisha mafuta mdomoni. Mishkaki, samaki wa kukaanga wenye ndimu, viazi karai. Vitamu vitamu usiiwekee, maana uchungu utageuka kuwa mkali.

Nenda basi katafute ile ya Southwold, ipe dakika zake ishirini nje ya friji, na uniandikie maneno matatu kama ulivyofanya safari hii. Bakiza funda moja chini ya glasi kwa nusu saa, lifikie joto la chumba, mapovu yakiwa yamelala, kisha ulinywe. Kama bado unapata ganda la limau bila kuona togwa, niandikie hilo kwanza.